Dada yule anataka nini? Kujinyima kwa ajili ya familia katika hadithi fupi

*Swali: Nimeandika hadithi fupi ya maneno kama 3,000. Baba anafariki, mama anaugua, na binti mkubwa anaacha masomo akiwa amebakiza mwaka mmoja ili afanye kazi na kuwasomesha wadogo zake wawili. Nimemwonyesha akilala njaa, akitukanwa na mwajiri, akikataa kuolewa, na hatimaye akiugua mgongo. Siku ya mahafali, mdogo wa mwisho anasimama na kumshukuru mbele ya watu wote, na dada analia. Watu watatu wameisoma. Wote wamesema ni nzuri, lakini mmoja akaongeza kwamba hakuguswa, na mwingine akasema dada ni kama malaika. Nikamwongezea mateso, ikawa mbaya zaidi. Naogopa kumpa kasoro kwa sababu kisa kimetokana na dada yangu mwenyewe, ambaye yuko hai, na mdogo wa mwisho ni mimi. Nimekosea wapi? Na je, nina haki ya kukiandika?*

Nianze na hilo linalokukatisha tamaa, kwamba uliongeza mateso na hadithi ikazidi kupoa. Wasomaji wako hawana roho ngumu, na sidhani kama tatizo ni kalamu yako. Tatizo ni dhana ambayo wengi wetu tunaingia nayo katika uandishi: kwamba huruma ya msomaji hupanda kadiri mhusika anavyoumia. Haipandi hivyo. Msomaji huhurumia teso la kwanza, huvumilia la pili, na akifika la nne ameshang'amua kwamba mwandishi anamwomba machozi. Hapo hujikaza, kama yeyote kati yetu anavyojikaza akisukumwa.

Itazame tena orodha yako. Njaa, matusi, mgongo: yote hayo yanampata dada. Yangeweza kumpata mtu mwingine yeyote mwenye dhiki, hata asiyemsomesha mtu. Kujinyima ni jambo la namna nyingine, maana ni kitendo. Mtu anakitaka kitu, ana nafasi ya kukipata au kubaki nacho, kisha anakiachia kwa ajili ya mwenzake. Ukiondoa lolote kati ya hayo matatu, yaani kutaka, kuwa na nafasi na kuachia, unabaki na habari ya taabu. Inaweza kuwa habari ya kweli kabisa na bado isimshike mtu moyo. Katika maelezo yako sioni mahali ambapo tunamwona dada akiipenda shule. Anaiacha kabla hatujamkuta ndani yake. Kwa hiyo anapoiacha, tunajua kwa akili kwamba amepoteza kitu, lakini hatujui ni kipi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni «The Gift of the Magi», hadithi ya O. Henry iliyotoka mwaka 1905. Mke ana dola 1.87 tu mkesha wa Krismasi. Anauza nywele zake kwa dola 20 ili amnunulie mumewe mnyororo wa saa, kumbe mume naye ameuza saa hiyo hiyo ili amnunulie vitana vya kupambia nywele. Watu huikumbuka kwa sababu ya ule mgeuko wa mwisho, lakini kazi kubwa imefanyika mapema. Kabla ya mnunuzi wa nywele, kabla ya mnyororo, tumeshaambiwa kwamba nyumba ile ya kimaskini ina fahari mbili tu: nywele za mke, na saa ambayo kabla ya kuwa ya mume ilikuwa ya baba yake na ya babu yake. Hakuna anayelala njaa pale. Hakuna anayetukanwa. Nywele zinapokatwa, msomaji anajua thamani ya kinachoanguka chini. (Katika aya ya mwisho msimulizi anajitokeza na kuwasifu wanandoa wale waziwazi. Usimwige kwa hilo. Yeye amekuwa akiwatania kwa upole tangu mwanzo, ndiyo maana sifa zake zinapokelewa. Wewe umemsifu dada tangu mstari wa kwanza.)

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa mwandishi wa hadithi fupi hapo ndipo kazi ilipo: moyo wenyewe lazima uonekane, na hauonekani kwa kuorodhesha alivyotoa. Unaonekana katika kile anachoendelea kukitaka baada ya kukitoa. Tuseme dada anapenda hesabu. Usituambie alikuwa wa kwanza darasani, maana kila dada wa hadithi za namna hii alikuwa wa kwanza darasani. Tuonyeshe usiku mmoja, miaka minne baada ya kuacha shule, wadogo wamelala. Anachukua daftari la mdogo wake, anakuta swali aliloshindwa, analifanya kwenye kipande cha karatasi. Hamsaidii mtu. Karatasi yenyewe anaichana kabla hakujapambazuka. Analifanya kwa sababu lina utamu, na kwa dakika kumi amekuwa yule aliyekuwa awe. Mistari minne tu, na naamini itambana msomaji kuliko mgongo mbovu na matusi ya mwajiri vikiwekwa pamoja.

Sasa, hilo la malaika. Msomaji aliyekwambia hivyo hakuwa anaomba dada awe mwovu. Alikuwa anasema kwamba hakumwona akipambana na chochote ndani yake. Malaika hatoi kitu, kwa kuwa hana anachokihitaji. Eudora Welty aliandika mwaka 1941 hadithi iitwayo «A Worn Path», ya bibi kizee Phoenix Jackson anayetembea kwa miguu safari ndefu ya Desemba hadi mjini Natchez, kupita miiba, gogo juu ya kijito, na mwindaji anayemwelekezea bunduki. Njiani mwindaji anadondosha sarafu. Bibi anaiona, anatafuta namna ya kumgeuza macho, anaiokota na kuitia mfukoni, huku akijua fika kwamba ameiba. Mwishoni, kwenye kliniki, ndipo tunapopata kujua alichofuata: dawa ya mjukuu wake, aliyemeza magadi makali miaka kadhaa nyuma na koo lake halijapona. Bibi mwenyewe, kwa uzee na uchovu, kwanza anasahau alichokuja kukifanya. Kisha anapewa sarafu nyingine, na kwa hizo mbili anaamua kumnunulia mtoto kichezeo cha karatasi kinachozungushwa na upepo. Wizi ule mdogo haumpunguzii hadhi hata chembe. Unamfanya awe mtu. Tena angalia jinsi Welty alivyozuia sababu ya safari hadi karibu na mwisho. Kwa muda mrefu tunamwona kikongwe mkaidi tu, mwenye maneno na kiburi chake, tunampenda kwa hayo, kisha ndipo tunapojua.

Kwa hiyo kasoro unayoiogopa haina haja ya kuwa doa kubwa. Mpe dada ukali. Mpe siku moja anayomchapa mdogo wake kwa sababu amepoteza kalamu, na sote tunajua kalamu si sababu. Mpe hesabu anazoziweka kichwani: nimekulipia hiki, nimekulipia kile. Au mpe uongo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani hadithi yako halisi imejificha hapa.

Mtu anayejinyima kwa ajili ya familia mara nyingi hulazimika kulificha tendo lake, la sivyo anayepokea hataweza kupokea. Mama husema ameshakula. Baba husema viatu hivi bado vizima. Dada wa hadithi yako, siku anayoacha shule, huenda anawaambia wadogo zake kwamba shule ilikuwa imemchosha, kwamba hata hivyo hakuipenda. Anasema hivyo kwa huruma, ili wasibebe lawama. Lakini watoto huamini wanachoambiwa na wakubwa. Miaka inapita. Mdogo wa mwisho amekuwa msomi, na siku moja, bila ubaya wowote, labda wanabishana jambo dogo, anamwambia: «Dada, wewe hukupenda shule, huwezi kuelewa.» Na dada hawezi kujibu. Akijibu, anaubomoa uongo ambao ndio aliowajengea. Akinyamaza, anabaki kuwa mtu ambaye hakupenda shule.

Hapo una hadithi fupi. Haina njaa, haina mwajiri mkali, haina ugonjwa. Ina sentensi moja ya mdogo na kimya cha mkubwa. Msomaji anajua wasichoambiana, na hisia hutoka katika pengo hilo: sisi tunajua, dada anajua, mdogo hajui. Katika rasimu yako kila mtu anajua kila kitu. Mdogo anajua alichofanyiwa, anakisema kwa kipaza sauti, umati unapiga makofi. Deni limelipwa hadharani na msomaji hakuachiwa chochote cha kubeba. Ndiyo sababu dada wa kwenye karatasi analia na msomaji halii.

Anton Chekhov alimwandikia mwandishi mwenzake Lidia Avilova mwaka 1892 akimshauri kwamba anapowachora watu wenye bahati mbaya na kutaka msomaji awahurumie, ajaribu kuwa baridi zaidi, kwa kuwa ubaridi huo huipa huzuni yao mandhari ya kuonekana vizuri. Huo si ushauri wa kukosa utu. Unahusu nani atalia: kazi hiyo akishaifanya msimulizi, msomaji hubaki mtazamaji.

Kuna swali jingine ambalo rasimu yako, kwa jinsi ulivyoieleza, hailigusi, nami naona ni la lazima. Nani aliamua? Familia haigawi kujinyima kwa usawa. Mara nyingi anayeachia ni mkubwa, au ni binti, au ni yule mpole ambaye kila mtu anajua hatakataa. Huenda hakuna aliyemwomba dada aache shule. Labda watu wazima walikaa kimya tu mpaka akasema mwenyewe, kisha wakashukuru haraka. Kama alikuwa na nafasi ya kukataa akachagua, hiyo ni hadithi ya kujitoa. Kama hakuwa na nafasi, alinyang'anywa, na hiyo ni hadithi ya dhuluma. Zote mbili zinafaa kuandikwa. Kisichofaa ni kuandika ya pili na kuipaka rangi ya kwanza, kwa sababu hapo hadithi yako itakuwa inamsifu mtu kwa kuvumilia asilopaswa kutendewa, na wasomaji walio katika hali kama yake watalihisi hilo mara moja.

Waandishi wazuri huuacha mpaka huo uwe na ukungu kwa makusudi, ili msomaji ahangaike nao. Katika «Eveline» ya James Joyce, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904, msichana wa miaka 19 anatoa mshahara wake wote, shilingi saba, kwa matumizi ya nyumbani. Alimwahidi mama yake aliyekuwa anakufa kwamba ataishikilia nyumba isisambaratike kadiri atakavyoweza. Baharia anayempenda amemkatia nafasi melini ili waondoke, wakaanze maisha ng'ambo. Baba ni mkali na anatisha. Lakini Eveline anakumbuka siku moja alipokuwa mgonjwa, baba akamsomea hadithi na kumwokea mkate, na siku nyingine alipovaa kofia ya mama ili awachekeshe watoto. Bandarini anashika kizuizi cha chuma na hasogei. Je, amejitoa kwa familia, au amezidiwa na hofu? Wasomaji wamebishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Ona jinsi Joyce alivyompa yule baba kumbukumbu mbili nzuri. Bila hizo pasingekuwa na uamuzi wowote, angekuwa mtu anayekimbia nyumba mbaya. Mama wa hadithi yako naye anahitaji kitu cha namna hiyo. Kwa sasa yeye ni ugonjwa tu.

Nigusie pia wanaopokea. Katika «Die Verwandlung» (yaani «Mageuzi») ya Franz Kafka ya mwaka 1915, ambayo ni ndefu kuliko hadithi fupi ya kawaida, Gregor Samsa anafanya kazi asiyoipenda ili alipe deni la wazazi, na ana mpango wa siri wa kumpeleka dada yake kusomea muziki. Kila mtu anakumbuka kwamba siku moja anaamka akiwa mdudu. Wachache wanakumbuka yale madogo yanayofuata: kwamba familia ilishazoea pesa zake, ikazipokea kwa shukrani lakini bila joto lile la mwanzo, na kwamba baba alikuwa akiweka akiba kimyakimya, akiba ambayo ingeweza kumfupishia mwanawe utumwa ule. Hawa si watu waovu. Wamezoea tu, na mazoea ndiyo yanayouma. Wadogo wawili wa hadithi yako nao wapewe ruhusa ya kuzoea, ya kusahau, ya kuona haya mbele ya marafiki dada anapokuja shuleni na nguo za kazini. Wewe ulikuwa mmoja wao, kwa hiyo unayajua haya kuliko mimi.

Hapo ndipo linapokuja suala la nani asimulie. Ukimpa dada nafsi ya kwanza, utamsikia kwa karibu, lakini kuna hatari ya kujisifu. Dawa yake ni kumfanya azungumzie mambo mengine yote isipokuwa alichoacha. Nafsi ya tatu iliyo karibu na dada ni salama, na ile mistari ya usiku wa hesabu ingekaa vizuri humo. Lakini mimi ningemjaribu mdogo wa mwisho. Yeye ndiye aliyesema sentensi ile bila kujua, na msimulizi anayegundua polepole alichofanyiwa huvuta msomaji agundue pamoja naye. Hatari yake ni hotuba ya shukrani, ambayo tayari imekukamata mara moja. Ukichagua njia hii jiwekee sharti: msimulizi asiseme «asante» wala «samahani» popote katika hadithi. Kama ana deni, lionekane katika anachokitazama na anachoshindwa kukitazama.

Kuhusu urefu: maneno 3,000 hayatoshi kubeba kifo cha baba, miaka kumi na kitu ya kazi, mchumba aliyekataliwa, ugonjwa na mahafali. Huo ni muhtasari wa riwaya. Chagua siku moja, au usiku mmoja, na yaliyobaki yaingie kwa mbinu rejeshi, yaani kwa kurudi nyuma katika kumbukumbu, sentensi moja hapa, nusu sentensi pale. Mchumba mwondoe kabisa, isipokuwa kama ndiye siku yenyewe. Mahafali unaweza kuyabakiza ukitaka, lakini bila hotuba. Labda dada amechelewa, au amekaa nyuma, au anaisoma ratiba ya sherehe kwa makini kupita kiasi.

Nije kwenye haki ya kuandika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe ulilala cha mdogo, hukulala cha dada. Maisha yako mwenyewe, pamoja na sehemu ile ya maisha yake iliyopita ndani ya yako, una haki ya kuyaandika. Aliyoyawaza usiku si yako. Hayo utayabuni, na unapoyabuni usimwambie mtu yeyote kwamba ndivyo ilivyokuwa. Badilisha unachoweza: kazi, idadi ya ndugu, ugonjwa, somo analolipenda. Utashangaa jinsi mabadiliko hayo yanavyokupa uhuru wa kumpa mhusika kasoro, maana sasa si dada yako tena.

Lakini kabla ya kuchapisha popote, nenda kwake. Usimtumie ujumbe; kaa naye. Usianze na hadithi. Muulize alitaka kuwa nani wakati ule. Inawezekana akakuambia jambo ambalo hukuwahi kulijua. Inawezekana pia akakushangaa, akasema hakuwahi kuona kwamba amejinyima chochote, na huo nao ni ukweli wake, huna ruhusa ya kuusahihisha kwa ajili ya hadithi. Akiomba usiichapishe, iache. Utaandika nyingine, na uliyojifunza katika kuiandika hii utakuwa nayo.

Kwa upande wa ufundi, maoni ya kusema «ni nzuri» hayakusaidii. Tafuta kikundi cha waandishi au mhariri mmoja mtakayeonana uso kwa uso, uisome kwa sauti mbele yake, naye akuonyeshe mstari ambapo aliacha kuamini. Sikio la mtu aliye chumbani hukamata sifa zilizozidi haraka kuliko jicho lako mwenyewe. Na kama ukiandika unajikuta hulali, au lawama ya kuwa wewe ndiye uliyesoma inakuelemea hata mchana kazini, hilo halitatatuliwa na rasimu ya tano. Onana na mshauri nasaha, au mtu mzima unayemwamini mwenye uzoefu wa kusikiliza, na uiweke kando hadithi kwa muda. Ukirudi, anza na lile daftari la hesabu.